Je, Wajua? Gemu za Zamani kwenye Runinga Mpya

Je, wajua kwamba waya mmoja wa AV unatosha PlayStation tatu? PS1 ya 1994, PS2 ya 2000 na PS3 ya 2006 zina tundu lileile la AV nyuma. Usiutupe.

Wajua kwamba plagi ya njano huingia kwenye tundu la kijani? Katika runinga nyingi za kisasa tundu hilo hufanya kazi mbili. Litafute palipoandikwa Y/VIDEO. Kuwa makini na nyekundu: matundu mekundu huwa mawili, moja la picha na jingine la sauti. Ukikosea, sauti itatoka upande mmoja tu.

Wajua kwamba Xbox 360 za kwanza, za 2005, hazikuwa na HDMI? Wii haikuipata kamwe. Kuna vijiboksi vya kubadilisha, ila vinafanana kama mapacha: AV2HDMI ndicho cha mashine ya zamani, HDMI2AV ni cha kupeleka mashine mpya kwenye TV ya chogo. Soma maandishi kabla hujalipa.

Na ile bunduki ya gemu ya kuwinda bata, Duck Hunt, wajua kwa nini haimpati bata kwenye runinga bapa? Ukivuta kifyatulio, kioo huwa cheusi kufumba na kufumbua, kisha alipo bata hutokea mraba mweupe, na jicho lililo ndani ya mtutu hutafuta mwanga huo. TV ya chogo huchora picha papo hapo. Runinga bapa huishika kwanza na kuichakata. Mwanga unapofika, bunduki imekwishahesabu kwamba umekosa. Mwenye TV ya chogo nzima aitunze, gemu hii inaihitaji.

Ucheleweshaji huohuo ndio unaofanya mchezaji wako apige mpira baada ya kunyang'anywa. Washa Game Mode kwenye mipangilio ya runinga. Humohumo, gemu za zamani zirudishie umbo la 4:3. Mwanasesere aliyetanuliwa hadi 16:9 ananenepa bure.

Wajua pia kwamba matundu ya HDMI hayalingani? PS5 na Xbox Series X zinaweza kutoa picha 120 kwa sekunde za 4K, lakini mara nyingi ni tundu moja au mawili tu yanayozipokea. Tafuta lililoandikwa 4K 120Hz, uziachie hilo. Mashine zilizobaki zichangie tundu jingine kupitia swichi ya HDMI, yenye njia nyingi za kuingilia na moja ya kutokea. Spilita hufanya kinyume chake: hugawa picha ya mashine moja kwa runinga kadhaa.