Mabinti wa gheto, kazi kwenu!

Stori za mjini tumezichoka, wiki hii nawapandisha Upareni.

Wengi wetu Same tunaijua kwa dirisha la basi la Arusha: soda, kuchimba dawa, safari inaendelea. Sasa inua macho uone ile milima. Huko juu ndiko Chome, Vudee, Mbaga na Mamba ya tangawizi. Shule ikiwa mbali, binti wa miaka 15 anapangishiwa chumba, mama anamfungia unga na maharage ya wiki mbili. Yakiisha kabla ya siku? Hapo anatokea kaka wa bodaboda, lifti ya bure na chipsi mayai juu. Mkarimu kweli! Bili inakuja baada ya miezi 9.

Na bili yenyewe si nepi tu, jamani. Mwili wa binti huyo bado unakua, nyonga nyembamba. Mtoto akikwama, kichwa chake kinakandamiza kibofu na njia ya uzazi hata siku mbili, nyama inakufa, linabaki tundu. Mkojo unavuja usiku na mchana. Hiyo ndiyo fistula. Wapo wanaojifungia ndani miaka wakidhani wamerogwa, kumbe ni kitu cha kupasuliwa, na CCBRT pale Dar wanatibu bure. Halafu kuna kifafa cha mimba: presha juu, kichwa kinagonga, macho yanaona ukungu, mara degedege. Likikukuta mlimani usiku, mvua imekata barabara, kukicha ni mbali.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta wasichana 22 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata mimba. Si wachache hao.

Nanyi washkaji, tangu 2016 sheria inasema ukimpa mwanafunzi mimba ni jela miaka 30. Chipsi gani hizo?

Kwa aliyekwisha kujifungua, mambo yamebadilika. Tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi shule ya kawaida, mradi miaka 2 haijapita tangu aache. Wazee wengi bado wana habari za zamani, kwao binti akizaa masomo basi. Kama una mdogo wako huko Upareni analea, mpigie leo umweleze, kabla hawajapokea posa.