Kompyuta Inapoamka Peke Yake

Umeme unapokatika usiku na kurudi alfajiri, jokofu huanza tena kunguruma bila kuamriwa na mtu. Je, kompyuta iliyoachwa maabarani ikiandika joto la hewa kila baada ya dakika 10 itaendelea na kazi yake? Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi huwaka mara ipatapo umeme, lakini kuwaka si kufanya kazi. Programu ya kupima joto haitaanza pasipo amri ya kuianzisha, nayo amri hiyo yapasa kuwekwa mahali pake mapema.

Mchakato wa kwanza

Katika Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, kinachoamka kwanza ni kiini cha mfumo. Kiini hutambua diski na vifaa vingine, kisha huanzisha mchakato unaopewa nambari 1. Huo ndio unaoanzisha huduma nyingine zote. Zamani huduma hizo zilipangwa kwa foleni: ya pili ilisubiri ya kwanza imalize. Aliyekuwa na amri yake mwenyewe aliiandika katika faili ya /etc/rc.local, iliyosomwa mwishoni mwa foleni.

Mwaka 2010 Lennart Poettering alitangaza mpango mpya uitwao systemd. Fedora iliupokea mwaka 2011, na Debian na Ubuntu mwaka 2015. Katika mpango huu huduma nyingi huanza kwa pamoja, na kila moja hueleza inategemea nini. Ni kama jiko la karamu: mmoja hukuna nazi huku mwingine akichambua mchele, lakini wali wa nazi hauinjikwi kabla tui halijapatikana.

Hatari ya saa

Kipimo cha joto hutegemea saa sahihi. Raspberry Pi 4 na zilizoitangulia hazina saa ya betri. Zikiwashwa hushika saa ya mwisho iliyohifadhiwa, mpaka zipate saa sahihi kutoka mtandaoni. Umeme ukikatika saa 6 usiku na kurudi saa 11 alfajiri, joto la alfajiri laweza kuandikwa kuwa ni la usiku wa manane. Wanafunzi wakichora grafu hawataliona kosa hilo, kwa maana nyuzi za joto zenyewe ni sahihi.

Faili ya huduma

Dawa yake ni faili fupi katika folda ya /etc/systemd/system, yenye jina kama pima-joto.service. Faili hiyo ina sehemu tatu, Unit, Service na Install, na mistari yake mikuu ni hii:

After=time-sync.target
ExecStart=/usr/local/bin/pima-joto
Restart=on-failure
WantedBy=multi-user.target

Mstari wa kwanza, ulio katika Unit, huamuru kusubiri saa irekebishwe. Ili utimie, huduma ya systemd-time-wait-sync nayo lazima iwezeshwe. Wa pili na wa tatu ni vya Service: mmoja hutaja programu kwa njia yake kamili, mwingine huianzisha upya ikianguka. Wa nne, ulio katika Install, huiunga huduma na zile zinazoanza kila kompyuta inapowaka.

Programu inayofanya kazi vizuri ikianzishwa kwa mkono yaweza kushindwa hapa. Huduma haianzi katika folda ya mtumiaji, bali katika shina la diski. Hivyo faili ya matokeo nayo yapasa kutajwa kwa njia kamili.

Baada ya kuhifadhi faili, hutolewa amri mbili:

sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable pima-joto

Jaribio la kweli ni kuiwasha upya kompyuta bila kugusa chochote, kisha kusoma taarifa kwa amri ya journalctl -b -u pima-joto.

Mtandao usipopatikana, huduma itaendelea kusubiri na vipimo vitakosekana. Hasara hiyo ni afadhali. Pengo katika grafu huonekana na kila mtu, na mwanafunzi huuliza sababu yake. Saa ya uongo haimshtui mtu.