SODA ISIYO NA SUKARI: JE, INAPUNGUZA UNENE?



Katika maduka ya vijijini na kwenye magulio kumeingia soda za namna nyingine. Zinafanana na zile tulizozizoea. Rangi ni ile ile, mapovu ni yale yale, na utamu upo. Lakini kwenye chupa limeandikwa neno "Zero", "Diet" au "Light". Watu wanasema, "Hii ndiyo soda ya kupunguza mwili."

Wapo wanaoinunua kwa sababu mganga wa zahanati amewaambia wapunguze uzito. Wapo wenye kisukari au shinikizo la damu. Wapo pia wanaoinunua kwa kuwa nguo za mwaka jana hazifungi tena. Wote wanatoa fedha zao. Kwa hiyo ni haki yao kujua wananunua nini.

Je, ni kweli soda hii inapunguza unene? Hebu tuanze na hesabu, maana hesabu haina upendeleo.

KUNA NINI NDANI YA SODA YA KAWAIDA?

Soda ya kawaida ni maji, sukari, hewa ya mapovu, rangi na vionjo. Soda nyingi nyeusi zina gramu 10 hadi 11 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 300 basi ina sukari kama gramu 32. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa huchukua gramu 4 hivi. Kumbe chupa moja ina vijiko 8 vya sukari!

Mtu akinywa chupa moja kila siku kwa siku 30, amekunywa gramu 960. Hiyo ni karibu kilo nzima ya sukari kwa mwezi, na hatujahesabu chai, uji wala maandazi.

Sukari ni chakula cha kutia nguvu. Nguvu hiyo hupimwa kwa kalori. Mtu anayelima, anayebeba kuni na kutembea mwendo mrefu huitumia. Lakini nguvu isiyotumika haipotei. Mwili huiweka akiba, na akiba hiyo ni mafuta. Ndipo kitambi kinapotokea.

SODA ISIYO NA SUKARI INAPATA WAPI UTAMU?

Inatiwa vitamu bandia. Hivi ni vitu vyenye utamu mkali sana, hata vikitiwa kidogo tu vinatosha. Kimoja kinaitwa aspatemu. Kwenye chupa utakiona kimeandikwa "aspartame". Utamu wake ni kama mara 200 ya sukari. Kwa kuwa kinatiwa kidogo mno, kalori zake ni kama hakuna.

Vitu hivi si vya jana. Mwaka 1879, katika mji wa Baltimore huko Marekani, mtaalamu wa kemia aitwaye Constantin Fahlberg alikuwa akifanya kazi katika maabara. Alipoketi kula aliona chakula chake kina utamu wa ajabu. Kumbe hakunawa mikono vizuri, na utamu ulitoka kwenye vidole vyake. Hivyo ndivyo sakarini ilivyogunduliwa.

Mwaka 1952, huko Brooklyn katika mji wa New York, mwenye kiwanda aitwaye Hyman Kirsch alitoa soda isiyo na sukari iliyoitwa No-Cal. Ilikusudiwa wagonjwa, hasa wa kisukari. Baadaye watu waliotaka kupungua mwili nao wakaipenda. Makampuni makubwa yakaona soko, na leo soda za namna hii zinauzwa karibu dunia nzima.

WATAALAMU WAMEPIMA NINI?

Ili kujua kama kitu kinafaa, wataalamu hugawa watu katika makundi mawili. Kundi moja hupewa kitu kile, kundi jingine hupewa kingine. Baada ya muda wote hupimwa. Ni kama mkulima anayepanda mbegu mbili tofauti katika shamba lile lile ili aone ipi inazaa zaidi.

Kwanza, huko Uholanzi watoto 641 walishiriki katika jaribio lililotangazwa mwaka 2012. Kila siku mtoto alipewa kinywaji cha mililita 250. Nusu walipewa chenye sukari, nusu walipewa kisicho na sukari. Jaribio lilichukua miezi 18. Watoto hukua, kwa hiyo wote waliongezeka uzito. Lakini waliokunywa chenye sukari waliongezeka kilo 7.37, na wale wengine kilo 6.35. Tofauti ni kama kilo moja. Basi kuondoa sukari kwenye kinywaji kunasaidia.

Pili, huko Iran wanawake 62 wenye uzito mkubwa walikuwa wakipunguza chakula kwa mpango maalumu. Baadhi walikunywa maji baada ya chakula cha mchana. Wengine walikunywa soda isiyo na sukari. Baada ya wiki 24, wa maji walipungua kilo 8.8 na wa soda walipungua kilo 7.6. Hapa maji yalishinda.

Tatu, huko Marekani watu wazima 303 walikuwa katika mafunzo ya kupunguza uzito. Baada ya mwaka mmoja, waliokunywa vinywaji visivyo na sukari walikuwa wamepungua kilo 6.21, na wa maji kilo 2.45. Hapa soda ilishinda. Lakini jaribio hili lililipiwa na chama cha watengenezaji wa vinywaji. Hatusemi walidanganya. Tunasema msomaji mwenye busara huuliza pia nani amelipa gharama.

Ukiyatazama majaribio haya kwa pamoja, jambo moja linaonekana wazi. Soda isiyo na sukari inafaa kidogo inapochukua nafasi ya soda yenye sukari. Lakini ikilinganishwa na maji, faida yake haijathibitika. Tena wanawake wa Iran na watu wale wa Marekani walikuwa pia wakifundishwa kupunguza chakula. Soda peke yake haikuwapunguza.

SHIRIKA LA AFYA DUNIANI LINASEMAJE?

Mwezi Mei 2023, Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri. Lilisema watu wasitumie vitamu bandia kama njia ya kudhibiti uzito. Sababu yake ni kwamba majaribio ya muda mfupi yanaonyesha uzito kupungua kidogo tu, na faida ya muda mrefu haikuonekana. Ushauri huo hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Hao wafuate maelekezo ya mganga wao.

Pengine umesikia watu wakisema, "Soda hizi ndizo zinazonenepesha, maana wanywaji wake wengi ni wanene." Ni kweli kwamba katika nchi nyingine wanywaji wake wengi wana uzito mkubwa. Lakini tufikiri. Ukienda zahanati utakuta watu wengi ni wagonjwa. Je, ni zahanati iliyowapa ugonjwa? La, walikwenda kwa sababu wameshaugua. Vivyo hivyo wengi huanza kunywa soda hizi baada ya kunenepa. Kwa hiyo tusikimbilie kusema soda ndiyo iliyowanenepesha.

Na saratani je? Mwezi Julai 2023 wataalamu wa saratani wa shirika hilo waliiweka aspatemu katika orodha ya vitu ambavyo huenda vikaleta saratani, lakini ushahidi wake ni mdogo. Wataalamu wengine wa shirika walipima kiasi. Walisema mtu mzima wa kilo 70 angepaswa kunywa makopo zaidi ya 9 hadi 14 kwa siku ndipo apite kiwango kinachokubaliwa. Anayekunywa chupa moja siku ya gulio asiingiwe na hofu. Lakini ajue pia kwamba soda hizi zina uchachu unaoweza kula meno, hata kama hazina sukari.

KWA NINI WENGINE WANAKUNYWA NA HAWAPUNGUI?

Sababu ya kwanza ni kujilipa. Mtu anasema, "Leo nimekunywa soda isiyo na sukari, basi naweza kuongeza andazi." Kile alichokiacha kwenye chupa amekirudisha kwa andazi lililokaangwa kwa mafuta. Soda haiwezi kufuta chakula ulichokula. Haiyeyushi mafuta mwilini. Kazi yake ni moja tu: haikuongezei sukari. Basi.

Sababu ya pili ni kwamba wengi wetu vijijini sukari yetu haitoki kwenye soda. Inatoka kwenye chai. Tupige hesabu tena. Bibi mmoja anakunywa soda moja ya kawaida kwa wiki, siku ya gulio. Hiyo ni gramu 32. Lakini kila siku anakunywa vikombe 3 vya chai, kila kikombe vijiko 3 vya sukari. Hivyo ni vijiko 9 kwa siku, yaani gramu 36. Kwa wiki ni gramu 252.

Umeona? Chai inampa sukari karibu mara 8 ya ile soda yake. Akibadili soda na kuacha chai vile vile, hajafanya kitu. Lakini akitoka vijiko 3 hadi kijiko 1 kwa kila kikombe, ameacha gramu 168 kwa wiki, na hajatoa hata senti. Tena ameokoa sukari ya nyumbani.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima wa kawaida asizidishe kama gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana ziwe chini ya 25. Ulimi huzoea polepole. Wiki ya kwanza weka vijiko viwili, wiki zinazofuata kimoja na nusu, halafu kimoja. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukipunguza pia.

ONYO KUBWA KWA WENYE KISUKARI

Hapa tunaomba msomaji asome polepole, na amsomee jirani asiyejua kusoma.

Mtu anayetumia sindano ya insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari anaweza kushukiwa na sukari mwilini. Labda amechoma sindano lakini hakula. Labda amelima sana. Anaanza kutetemeka, anatoka jasho, anasikia njaa kali, moyo unakwenda mbio, na maneno yanachanganyika. Hali hii inaweza kuua.

Wakati huo anahitaji sukari ya kweli, upesi. Mkipeleka dukani mtoto mbio, akarudi na soda ya "Zero", mgonjwa ataonja utamu lakini hatapata sukari. Dakika zinapita na hali inazidi kuwa mbaya.

Fanya hivi:

1. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe nusu chupa ya soda ya kawaida, au vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari katika maji.

2. Ngoja dakika 15. Kama hajapata nafuu, mpe tena.

3. Akipata nafuu, ale chakula. Kisha aonane na mganga.

4. Kama amezimia, usimtie kitu chochote mdomoni. Atapaliwa. Mlaze kwa ubavu na mkimbize hospitali.

Siku nyingine zote, mwenye kisukari akitamani soda, isiyo na sukari ni afadhali kuliko ile ya kawaida. Siku ya kushukiwa na sukari ni kinyume chake. Chupa zinafanana sana. Kinachozitofautisha ni maandishi. Hapo ndipo kujua kusoma kunapookoa maisha.

TUFANYE NINI BASI?

Anayekunywa soda yenye sukari kila siku na hawezi kuacha ghafla, abadili anywe isiyo na sukari. Ni hatua. Lakini asiishie hapo. Mwisho wa safari uwe maji safi yaliyochemshwa. Hayana kalori, hayaharibu meno, na bei yake ni kuni tu.

Asiyekunywa soda asianze leo eti apungue. Hakuna unene utakaoondoka kwa kunywa kitu kipya. Apunguze sukari ya chai na vitu vya kukaanga. Sahani yake iwe na mboga za majani na maharage, ugali upungue kidogo. Na mwili ufanye kazi, hata kwa kutembea. Watoto wadogo tusiwape soda ya namna yoyote iwe kama chakula. Wanahitaji uji wenye lishe, maziwa, matunda na maji.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika nyumba yako mnatumia kilo ngapi za sukari kwa mwezi? Gawanya kwa idadi ya watu na kwa siku 30. Kila mmoja anapata gramu ngapi kwa siku?

2. Leteni chupa mbili tupu za soda, ya kawaida na ya "Zero". Someni maandishi. Mnazitofautishaje?

3. Je, katika kijiji chenu kuna mwenye kisukari anayechoma sindano? Nani nyumbani kwake anajua la kufanya akishukiwa na sukari?

Tunaomba swali la tatu lisingoje hadi kikao kijacho. Mkimaliza kusoma gazeti hili, nendeni mkawasomee watu wa nyumba hiyo lile onyo.