Wasiwasi wa Ukomo wa Hedhi: Kabla Hujanunua Kopo la Tatu

Mama yangu mdogo ana miaka 49. Usiku mmoja alinipigia simu saa tisa. "Mwanangu, nadhani nakufa." Moyo unamwenda mbio, jasho linamtiririka, na hofu imemkaba bila sababu yoyote. Asubuhi akaenda hospitali. Wakapima moyo, hauna shida. Presha ilikuwa juu kidogo, lakini hiyo anaijua, ana dawa zake tangu mwaka juzi. Mwishowe muuguzi akamuuliza: hedhi inakujaje siku hizi? Inaruka. Miezi miwili haionekani, halafu inakuja mara mbili ndani ya mwezi mmoja.

Nilipomtembelea baadaye nikakuta makopo mawili ya vidonge vya mitishamba kabatini, kila moja shilingi 85,000. Aliyemuuzia ni jirani ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, yalimponya kabisa. Mama mdogo akanitazama: "Wewe si ndiye unayesomea dawa? Hebu niambie, ninunue la tatu?"

Makala hii ni jibu langu kwake. Kama wewe, mama yako au dada yako yupo kwenye umri huo, ni lako pia.

Wasiwasi huu unatoka wapi?

Daktari husema hedhi imekoma pale miezi 12 mfululizo inapopita bila kuiona. Kwa wanawake wengi hilo hutokea kati ya miaka 45 na 55. Lakini vurugu yenyewe huanza miaka kadhaa kabla. Homoni za estrojeni na projesteroni hazishuki taratibu kama mtu anayeteremka ngazi. Leo zipo juu, wiki ijayo zipo chini, kisha zinapanda tena.

Ubongo unaihisi hali hiyo. Sehemu ya projesteroni hugeuzwa mwilini kuwa kemikali iitwayo alopregnanoloni, ambayo husaidia mfumo wa GABA, yaani breki ya ubongo. Ikiyumba, breki nayo inalegea. Estrojeni kwa upande wake inagusa serotonini, kemikali inayohusika na hisia na usingizi.

Halafu kuna joto la ghafla. Kipimajoto kilichomo ndani ya ubongo kinakuwa na haraka kupita kiasi: mwili ukipata joto kidogo tu, kinaamuru jasho litoke. Moyo nao huenda mbio. Sasa fikiria hayo yanakuamsha saa tisa usiku. Mwili unafanya kila kitu ambacho hufanya ukiwa na hofu, na ubongo unauliza, "Kuna hatari gani?" Usipopata jibu, unalitunga: nakufa.

Kwa hiyo si uchawi, na si "utu uzima umemvuruga akili". Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao SWAN, uliofuatilia wanawake kwa miaka mingi, ulionyesha kwamba hata wale ambao zamani hawakuwa watu wa wasiwasi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuupata katika kipindi hiki.

Jirani hasemi uongo, ila…

Hapa ndipo penye kiini cha jibu langu. Jirani aliyepona baada ya kumeza vidonge anasema kweli: alimeza, na akapona. Swali ni kama angepona bila kumeza.

Kwanza, dalili za kipindi hiki huja kwa mawimbi. Mtu hutafuta dawa wimbi likiwa juu kabisa. Lingeshuka hata angekunywa maji matupu, lakini sifa zote zinakwenda kwenye kopo.

Pili, kuna nguvu ya kutarajia kupona. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2004 yaliwaangalia wanawake waliopewa vidonge vitupu, visivyo na dawa yoyote ndani, bila wao kujua. Joto la ghafla lilipungua kwao kwa asilimia 58 hivi! Yaani mwanamke aliyekuwa akipata mara kumi kwa siku alibaki na nne hivi, kwa wastani, kwa kumeza kitu kisicho na kitu.

Kwa hiyo kila unapoambiwa "hii inasaidia", uliza: inasaidia kuliko nini? Dawa inayowasaidia wanawake sita kati ya kumi inasikika nzuri, hadi ujue kidonge kitupu kingewasaidia sita haohao.

Tupime mizani

Tiba za kujisaidia nitazipima kwa mambo mawili: faida iliyothibitishwa upande mmoja, na gharama pamoja na hatari upande wa pili. Kumbuka kwamba tafiti nyingi zimepima joto la ghafla kuliko wasiwasi wenyewe.

*Mitishamba ya kwenye makopo.* Kopo la mama mdogo liliandikwa black cohosh, mmea wa Amerika Kaskazini ambao jina lake la kisayansi ni Actaea racemosa. Mwaka 2012 Cochrane walipitia majaribio 16 yenye wanawake zaidi ya 2,000 na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba unashinda kidonge kitupu. Zipo pia taarifa chache za watu walioumia ini baada ya kuutumia. Faida haijathibitishwa, na bei ni shilingi 85,000. Mizani hiyo unaiona mwenyewe.

*Soya.* Ina kemikali zinazofanana kidogo na estrojeni, na matokeo ya tafiti yanapishana. Kama chakula, kula tu, ni protini nzuri. Usiitegemee kama dawa ya wasiwasi.

*Mazoezi na yoga.* Hapa kuna jambo la kushangaza. Majaribio ya Marekani yaliyotoka mwaka 2014 yalionyesha kwamba mazoezi na yoga havikupunguza joto la ghafla, ila wanawake walilala vizuri kidogo. Mtu aliyelala ana wasiwasi mdogo kuliko aliyekesha. Na kutembea nusu saa jioni ni bure, tena kunasaidia presha. Upande wa hatari hakuna kitu, hivyo hata faida ndogo inatosha.

*Kupumua polepole.* Hakuzuii joto la ghafla. Lakini ukivuta pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi, mapigo ya moyo hutulia, na ubongo unapata ishara kwamba hakuna simba mlangoni. Ni bure, na unaweza kufanya hivyo ndani ya daladala.

*Kahawa na pombe.* Kahawa ya jioni huongeza mapigo ya moyo na kuharibu usingizi. Pombe hukulaza haraka, kisha hukuamsha usiku wa manane. Jaribu wiki mbili bila hivyo, uone.

Iliyoshinda: daftari na kalamu

Tiba ya kujisaidia yenye ushahidi mzuri kuliko zote hapa haiuzwi kwenye kopo. Inaitwa tiba ya fikra na tabia. London, mtafiti Myra Hunter na wenzake waliwagawa wanawake 140 katika makundi matatu: wengine walikutana kwa vikao, wengine walipewa kijitabu cha kujifanyia wenyewe nyumbani kwa wiki nne, na wengine hawakupewa tiba hiyo. Matokeo yalitoka mwaka 2012. Kundi la kijitabu lilifanya vizuri sawa na kundi la vikao. Joto halikuisha, lakini halikuwasumbua tena kama mwanzo. Miongozo ya tiba ya Uingereza ya mwaka 2015 iliitaja tiba hii kwa ajili ya wasiwasi unaotokana na ukomo wa hedhi.

Wazo lake ni rahisi. Chora mistari mitatu kwenye daftari. Wa kwanza: kilichotokea ("joto limenipanda kwenye kikao cha vikoba"). Wa pili: nilichowaza ("wote wananiangalia, nitazimia"). Wa tatu: jibu la haki, kama ungemjibu shoga yako ("limepanda mara nyingi, sijawahi kuzimia, baada ya dakika chache litapita"). Andika kila siku. Lengo si kujidanganya kwamba mambo ni mazuri. Lengo ni kuukatalia ubongo usitunge hatari ambayo haipo.

Sasa sehemu ya kuogopa

"Ni ya asili, haina madhara." Sentensi hii ndiyo inayonikosesha usingizi mimi.

Kuna mmea unaouzwa kwa ajili ya huzuni na wasiwasi, jina lake la kisayansi ni Hypericum perforatum, na kwenye makopo huandikwa St John's wort. Unalichochea ini livunje dawa nyingine haraka kuliko kawaida. Unaweza kupunguza nguvu ya baadhi ya ARV, dawa za kuzuia damu kuganda na vidonge vya uzazi wa mpango. Mwanamke anayetumia ARV anaweza kuununua kwa nia njema kabisa, kumbe kirusi kinapata nafasi ya kuongezeka na kuwa sugu.

Likorisi, ule mzizi mtamu ambao Pwani huitwa urukususu, nayo huwekwa kwenye baadhi ya michanganyiko ya akina mama. Ikitumiwa kwa wingi hupandisha presha. Kava, inayotoka visiwa vya Pasifiki, inaweza kupunguza wasiwasi kwa muda mfupi, lakini imehusishwa na kuharibika kwa ini.

Na unga usio na lebo? Hapo huwezi hata kuanza kupima, maana hujui umemeza nini. Kwa Tanzania, uliza kama dawa imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Hata hivyo usajili peke yake haukuhakikishii kwamba inashinda kidonge kitupu.

Usijitibu nyumbani kama…

Moyo unakwenda mbio huku unakonda, maana inaweza kuwa tezi ya shingo. Au unachoka na kupauka, maana inaweza kuwa upungufu wa damu. Maumivu ya kifua ni ya hospitali leo hii. Damu ikitoka baada ya mwaka mzima bila hedhi, nenda. Wasiwasi ukikuzuia kufanya kazi au kulala kwa wiki mbili, nenda. Ukiwaza kujidhuru, usisubiri kesho, na usikae peke yako. Hospitalini uliza pia kuhusu tiba ya homoni: kwa joto la ghafla ndiyo inayoongoza, ingawa haimfai kila mtu.

Nilichomjibu

Nilimwomba mama mdogo anionyeshe dawa zake zote. Kumbe tangu aanze makopo alikuwa anaruka dawa za presha, "ili zisigongane". Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Tulikwenda pamoja kwa daktari na kopo mkononi.

La tatu hakununua. Dawa za presha amerudia, anatembea jioni na shoga zake wawili, na ana daftari la shule la kurasa 48 chini ya mto. Joto bado linamwamsha. Wiki iliyopita alinipigia simu asubuhi, akaniambia, "Jana saa tisa liliniamsha. Nikaandika, nikalala."