Kusajili Chama cha Siasa



Katika mdahalo wa muhula huu mwenzetu mmoja alisema kuwa, kwa vile barabara ya kijijini kwao ni mbovu, yeye na jamaa zake wataunda chama chao wakipate kiti cha mwenyekiti wa kijiji. Wengi walicheka. Mimi nimeonelea ni vema nieleze njia anayotaka kuipita, maana ni ndefu kuliko hiyo barabara.

Tangu mwaka 1965 nchi yetu ilikuwa ya chama kimoja kwa sheria, TANU huku Bara na ASP Visiwani, hata vilipoungana mwaka 1977 kuwa CCM. Mwaka 1992 Katiba ilibadilishwa, vyama vingi vikaruhusiwa, na uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi wa serikali za mitaa ukafanyika mwaka 1994.

Kwanza huombwa usajili wa muda. Waanzilishi humpelekea Msajili wa Vyama vya Siasa maombi pamoja na katiba yao. Yeye hutazama: je, chama kiko wazi kwa raia wote? Hakikuundwa kwa faida ya dini, kabila au sehemu moja ya nchi? Hakikusudii kuvunja Muungano wala kutumia mabavu? Kikipita hapo hupewa cheti cha siku 180. Kwa cheti hicho chaweza kufanya mikutano na kutafuta wanachama, lakini hakiruhusiwi kusimamisha mgombea, hata wa kitongoji.

Sasa ndipo penye kazi. Ili kisajiliwe kabisa, hakina budi kupata wanachama wasiopungua 200, wenye sifa za kupiga kura, katika kila mkoa kati ya mikoa isiyopungua 10. Na katika hiyo, mmoja uwe wa Unguja na mmoja wa Pemba. Hao ni watu 2,000. Basi mwenzetu wa barabara mbovu itampasa avuke bahari akawaombe Wapemba wamsaidie kuziba mashimo ya kwao!

Tena hawezi kugombea pasipo chama. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila, ambaye chama chake cha DP hakikusajiliwa hadi mwaka 2002, aliipinga sheria hiyo mahakamani kwa miaka mingi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilikubaliana naye mwaka 2013, lakini mgombea binafsi bado hajaruhusiwa.

Kwa chama kitakacho kuitawala nchi nzima, kipimo cha mikoa 10 nakikubali. Kinazuia vyama vya ukabila. Lakini kwa uenyekiti wa kijiji, nadhani ni kumvika mtoto kanzu ya babu yake. Kwa sasa iliyobaki kwa mwenzetu ni kujiunga na chama kilichokwisha sajiliwa, aombe kuteuliwa, naye awe ametimiza miaka 21.