Kina si kipimo: namna ya kuichagua saa ya mpiga mbizi

Mwezi Novemba 2025 kampuni ya Omega ya Uswisi ilitoa toleo jipya la Planet Ocean, saa ya wapiga mbizi iliyoanza kuuzwa mwaka 2005, na habari kubwa ya toleo hilo ni kitu kilichoondolewa. Vali ya heli, kile kitufe kilichochomoza ubavuni kushoto, haipo tena. Unene umeshuka hadi milimita 13.79, kipenyo ni milimita 42, na saa bado inahimili mita 600 za maji. Asiyefuatilia biashara hii ataona ni mambo madogo. Kwa anayeifuatilia ni ungamo. Kwa miongo mingi makampuni yamekuwa yakimuuzia mteja kina cha bahari ambacho hatakifikia maishani, na sasa yameanza kumuuzia saa inayovalika. Naona mnunuzi naye afuate njia hiyo: kila badiliko la umbo alipime kwa kazi linayoifanya, na ile namba ya mita iliyoandikwa usoni aifikirie mwisho kabisa.

Kipimo hicho kinatoka katika historia ya saa zenyewe, maana zilizaliwa na kazi. Mwaka 1953 Blancpain iliunda Fifty Fathoms, yaani pima hamsini, ikishirikiana na Robert Maloubier na Claude Riffaud, maofisa waliokuwa wakijenga kikosi cha wapiga mbizi wa kijeshi cha Ufaransa. Submariner ya Rolex ni ya mwaka huohuo. Mpiga mbizi wa wakati ule aliizungusha pete iliyozingira kioo mpaka alama yake ikutane na akrabu ya dakika, kisha akazama. Kila alipotazama mkono alizisoma dakika alizokwisha kukaa chini, na kwa hesabu hiyo alijua lini apande. Pete za Submariner za mwanzo zilizunguka pande zote mbili. Zikigongwa na mtungi au mwamba zikasogea upande mbaya, mtu aliyekaa chini dakika thelathini angeweza kusoma ishirini. Baadaye pete zikafanywa zizunguke upande mmoja tu, kinyume cha mwendo wa akrabu, hivyo zikigongwa husoma dakika nyingi kuliko zilizopita. Mwenye saa hupanda mapema, na kosa halimuui. Sijui badiliko jingine katika ufundi wa saa za mkononi ambalo ni dogo kwa macho na kubwa kwa maana kiasi hicho. Kinga za kitufe cha kutia ufunguo, ambazo Rolex ilizianzisha mwaka 1959, ni za ukoo huo, na ndivyo ilivyo kwa rangi ya kung'aa gizani: radiamu iliachwa kwa tritiamu, na tritiamu ikaachwa katika miaka ya 1990 kwa rangi isiyo na mionzi kabisa.

Vali ya heli ina historia tofauti kidogo. Wafanyakazi wa mabomba na visima vya mafuta baharini huishi siku nyingi ndani ya vyumba vyenye mgandamizo mkubwa, wakivuta hewa iliyochanganywa na heli. Chembe za gesi hiyo ni ndogo mno, hupenya kwenye mipira ya kuzuia maji na kujaa ndani ya saa. Mgandamizo wa chumba unapopunguzwa, gesi iliyonaswa husukuma kutoka ndani na kioo huruka. Mwaka 1967 Rolex ilitoa Sea-Dweller yenye tundu la kuitoa gesi hiyo, na Doxa ya Uswisi nayo ilikuwa katika jitihada hiyohiyo. Seiko ya Japani ilishika njia nyingine. Baada ya barua ya malalamiko ya mpiga mbizi mmoja wa Kure, mkoani Hiroshima, wahandisi wake walitoa mwaka 1975 saa ya titani ya mita 600, yenye gamba la kipande kimoja lisilofunguka kwa nyuma, ambayo haikuhitaji vali kwa kuwa heli ilizuiwa isiingie tangu mwanzo. Kwa hiyo vali ni suluhisho halali la tatizo la kweli, ila tatizo lenyewe ni la watu wachache sana duniani, nalo humpata mtu akiwa chumbani, mkavu. Mpiga mbizi wa kujifurahisha, awe Mafia, Pemba au bahari ya Karibi, mpaka wake wa kawaida ni mita 40. Ahmed Gabr wa Misri alipoweka rekodi ya dunia ya kushuka na mitungi, huko Dahab mwezi Septemba 2014, alifika mita 332.35. Maana yake ni kwamba saa ya kawaida ya mita 300 inakaribia mwisho wa uwezo wa binadamu anayebeba hewa yake mwenyewe. Deepsea Challenge ya Rolex ya mwaka 2022, iliyothibitishwa kwa mita 11,000, ni ushindi mkubwa wa uhandisi, lakini ina kipenyo cha milimita 50 na unene wa milimita 23, na mkono wa kuivaa kila siku ni wa kutafuta.

Kwa nini basi namba ziliendelea kupanda? Jibu limo katika hesabu za sekta. Mwaka 2015 Uswisi iliuza nje saa milioni 28.1 zenye thamani ya faranga bilioni 21.5. Mwaka 2024 iliuza milioni 15.3 tu, na thamani ikawa faranga bilioni 26.0. Idadi imekaribia kupungua kwa nusu na mapato yamepanda. Biashara ya namna hii huishi kwa kuuza saa chache kwa bei kubwa zaidi, na bei kubwa hutafuta sababu ya kumwonyesha mteja. Mita elfu moja ni sababu rahisi: inaandikika usoni, inasomeka dirishani, haihitaji maelezo. Umbo linalokaa vizuri mkononi halitangaziki hivyo, na ndiyo maana lilichelewa.

Limefika sasa, na ushahidi hauko kwa Omega peke yake. Tudor ilitoa Pelagos mwaka 2012 ikiwa na mita 500 na vali. Mwaka 2022 ikatoa Pelagos 39, ndogo zaidi, yenye mita 200 na bila vali. Kabla ya hapo, mwaka 2021, ilikuwa imetoa Pelagos FXD pamoja na wapiga mbizi wa kijeshi wa Ufaransa, na pete yake inazunguka pande zote mbili huku namba zikihesabu kurudi nyuma kutoka 60. Wapiga mbizi hao huogelea chini ya maji kwa dira, kwa vipande vya dakika zilizopangwa, na wanataka kujua dakika zilizobaki kabla ya kubadili mwelekeo. Kwa sababu ya pete hiyo, saa hii haiingii katika ISO 6425, kiwango cha kimataifa cha saa za wapiga mbizi, ilhali ni miongoni mwa chache zinazouzwa leo zilizochorwa kwa kazi halisi. Rolex imekwenda polepole zaidi. Submariner ya mwaka 2010 ilileta pete ya kauri isiyopauka wala kukwaruzika kirahisi, ikaleta pia mabega mazito ambayo wapenzi wengi wa saa hawakuyapenda. Ya mwaka 2020 iliongezwa milimita moja ikafika 41, lakini mabega yalichongwa yakawa membamba, mkanda ukapanuliwa, na mtambo mpya ukapewa akiba ya nguvu ya saa 70 badala ya takriban 48. Ukiivua Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi bado inatembea. Kwa mtu wa ofisini faida hiyo ni kubwa kuliko mita mia za ziada.

Kuna watakaosema kupungua huku kwa saa ni mitindo tu, na kwamba kesho zitavimba tena. Sehemu ya dai hilo ni kweli. Black Bay Fifty-Eight ya Tudor, ya milimita 39, iliyotoka mwaka 2018, inauza kumbukumbu waziwazi kwa sura ya miaka ya 1950, na rangi ya shaba iliyopakwa usoni haimsaidii mtu kusoma chochote. Hata hivyo unene wake wa milimita 11.9 hupita chini ya mkono wa shati la ofisini, na faida hiyo itabaki mitindo ikibadilika. Wakati mwingine mitindo huleta faida ya kweli bila kukusudia, na mnunuzi hana sababu ya kuikataa kwa ajili ya nia ya muuzaji.

Pingamizi zito ni jingine: kompyuta za mbizi zimekuwepo tangu miaka ya 1980, zinapima kina, muda na usalama wa kupanda kwa wakati mmoja, na Seiko au Citizen ya bei ya kawaida hupita majaribio yaleyale ya ISO 6425, ambapo kila saa moja moja hupimwa kwa mgandamizo unaozidi kwa asilimia 25 ule ulioandikwa, na uso wake lazima usomeke gizani kwa umbali wa sentimita 25. Yote ni sahihi, na anayetaka kuzamia tu akanunue hizo kwa moyo mweupe. Ila pingamizi hili linaiimarisha hoja ya awali. Kama usalama majini unapatikana kwa bei ndogo, fedha inayoongezwa juu yake haiwezi kuwa bei ya kina. Ni bei ya ukamilishaji wa chuma, ya mtambo unaotunza muda, na ya ahadi kwamba vipuri vitapatikana miaka thelathini ijayo. Vitu hivyo vinapimika. Cheti cha Master Chronometer, kinachosimamiwa na taasisi ya vipimo ya serikali ya Uswisi, kinataka saa isipoteze hata sekunde moja kwa siku wala isizidishe zaidi ya tano, na ihimili sumaku ya gausi 15,000. Katika dunia ya simu, spika na vifungo vya sumaku vya mikoba, kinga hiyo inahitajika kila siku kuliko kinga ya mita 600.

Hoja ya uwekezaji naiona dhaifu. Bei za saa zilizokwisha kutumika zilipaa hadi mwanzoni mwa 2022 kisha zikaanguka, na walionunua kileleni kwa nia ya kuuza wanajua walichopoteza. Kinachostahili hesabu zaidi ni matunzo. Kuzuia maji si sifa ya kudumu: mipira huchakaa, na joto na chumvi ya pwani haviisaidii. Mnunuzi wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi anayechukua saa yake Dubai aulize kabla ya kulipa ni fundi gani aliyeidhinishwa ataifungua, ana mashine ya kupima mgandamizo au hana, na ikibidi saa isafirishwe, gharama na bima ni juu ya nani. Dukani aizungushe pete pole pole asikie kama kila hatua inashika bila kuchezacheza, aurefushe na kuufupisha mkanda bila chombo chochote, kisha akunje ngumi kuona kama kitufe cha kutia ufunguo kinachoma mgongo wa kiganja. Ncha za pembe za kushikia mkanda zikivuka ukingo wa mkono wake, airudishe kabatini, hata kama imeandikwa mita elfu.