Kompyuta Kuukuu, Kivinjari Kilichopitwa na Wakati na Hatima ya Kumbukumbu za Kiswahili

1.0 Utangulizi



Anayesimama mbele yenu ni mwanaisimu, si mhandisi. Wapo watakaouliza: yeye na kompyuta zilizozeeka, wapi na wapi? Jibu langu ni fupi. Kwa zaidi ya miaka thelathini sasa, sehemu kubwa ya kazi ya uchunguzi wa Kiswahili imeandikwa na kuhifadhiwa ndani ya kompyuta. Baadhi ya kompyuta hizo zingalimo katika ofisi za idara, katika maktaba na katika nyumba za walimu waliostaafu. Tunaambiwa kwamba hazifai tena kwa kuwa "hazifungui intaneti". Kauli hiyo, ikipokelewa bila kuchunguzwa, yaweza kutupotezea mengi.

Mimi imekwisha kunipotezea. Mwaka 2008 kompyuta niliyokuwa nikiitumia ilianza kukataa kufungua baadhi ya kurasa. Fundi niliyemwita alisema dawa ni kufuta diski yote na kusakinisha programu upya. Nami, kwa haraka na kwa kutojua, nikakubali. Ndani ya diski ile mlikuwamo kadi za msamiati zaidi ya elfu moja, majina ya sehemu za jahazi na ya kazi zake, niliyoyakusanya kwa mafundi na manahodha. Nakala sikuwa nayo. Dalili moja nilikuwa nimeiona na sikuielewa: kila kompyuta ilipozimwa na kuwashwa tena, tarehe yake ilirudi nyuma miaka kadhaa. Leo ninaamini kwamba kasoro ilikuwa betri ndogo ya saa. Betri ingebadilishwa kwa dakika chache, lakini wengi wa wazee walionipa maneno yale wamekwisha kufariki.

Kwa hiyo hoja ya mhadhara huu ni moja. Kompyuta kuukuu inayokataa kufungua kurasa huweza kuwa na mojawapo ya magonjwa kadhaa. Yapasa yachunguzwe kwa mpangilio, kuanzia lililo jepesi. Na kabla ya tiba yoyote, yaliyomo yaokolewe kwanza.

2.0 Maneno matatu

Tukubaliane kwanza juu ya maneno matatu tutakayoyatumia.

La kwanza ni kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, ambayo wengine huiita kisakuzi. Kitenzi vinjari ni cha zamani kuliko kompyuta; maana yake ni kuzungukazunguka kwa doria au kupeleleza. Waliokichagua hawakukosea, kwani kivinjari hutoka nje kwa niaba yetu, hukagua na kuleta habari.

La pili ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia kompyuta nzima. Kivinjari hukaa juu ya mfumo endeshi, na mfumo endeshi hukaa juu ya mashine yenyewe. Tabaka hizi tatu huzeeka kwa kasi tofauti, na makosa mengi ya mafundi hutokana na kuzichanganya.

La tatu ni kusasisha. Neno hili limeundwa kutokana na sasa, nalo lina maana ya kukifanya kitu kiwe cha sasa. Programu isiyosasishwa inaweza kuwa nzima kabisa kwa kazi iliyotengenezewa. Tatizo lake ni kwamba wenzake wameendelea mbele nayo imebaki nyuma.

3.0 Kwa nini kurasa hukataa kufunguka

Kivinjari kinapoomba ukurasa, hakipokei tu. Kwanza hufanya mazungumzo na kompyuta inayohifadhi ukurasa huo, na pande mbili hukubaliana juu ya namna ya kuyasimba mawasiliano yao ili mtu mwingine asiyasome. Kanuni za mazungumzo hayo huitwa itifaki. Itifaki inayotumika sana kwa kazi hii ni TLS. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 1999, la 1.2 mwaka 2008 na la 1.3 mwaka 2018. Kwa kuwa matoleo ya 1.0 na 1.1 yalionekana kuwa dhaifu, vivinjari vikubwa viliyaacha mwaka 2020, na mwezi Machi 2021 yalitangazwa rasmi kuwa hayafai kutumiwa tena.

Mwanaisimu ataitambua hali hii mara moja. Wazungumzaji wawili wasio na lugha ya pamoja hawaelewani, hata kama kila mmoja ni fasaha kwa lugha yake. Kivinjari cha Internet Explorer 8 juu ya Windows XP hakijui TLS 1.2. Kikikutana na tovuti isiyokubali kitu kilicho chini ya hapo, mazungumzo huvunjika kabla ya herufi moja kuonekana. Mtumiaji huona ujumbe kwamba ukurasa hauwezi kuonyeshwa, akadhani waya au modemu imeharibika.

Baada ya itifaki kuna cheti. Kila tovuti salama huonyesha cheti cha utambulisho chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, nacho huwa kimethibitishwa na mamlaka ambayo kompyuta yetu inaiamini. Orodha ya mamlaka hizo huhifadhiwa ndani ya kompyuta au ndani ya kivinjari. Kompyuta ikikosea tarehe, au orodha yake ikiwa ya zamani, cheti halali huonekana batili.

4.0 Mpangilio wa uchunguzi

4.1 Kuokoa yaliyomo

Kabla ya kugusa chochote, nakili mafaili yote ya kazi katika vyombo viwili tofauti, kwa mfano diski ya nje na flashi, kisha uviweke mahali tofauti. Vikikaa katika mtoto mmoja wa meza, moto au mwizi mmoja atavichukua vyote. Fungua mafaili machache kwenye kompyuta nyingine uhakikishe kwamba yanasomeka. Fundi anayesema kazi hii inachelewesha tiba asiachiwe kompyuta.

4.2 Saa

Tazama tarehe na mwaka. Vikiwa si sahihi, virekebishe, kisha jaribu tena kufungua ukurasa. Kama tarehe hurudi nyuma kila umeme unapokatwa, betri ya saa imekwisha. Katika kompyuta nyingi za mezani betri hiyo ni ya duara kama sarafu, ya aina ya CR2032, nayo huuzwa katika maduka ya saa na ya vifaa vya umeme. Ugonjwa huu ndio ulio rahisi kuliko yote, na kwa sababu hiyo ndio unaosahauliwa.

4.3 Kivinjari

Saa ikiwa sahihi na tatizo likabaki, tazama toleo la kivinjari katika sehemu inayoeleza habari za programu yenyewe. Hapa yafaa tukumbuke mipaka michache. Chrome ilikoma kusasishwa kwa Windows XP mwaka 2016, ikiishia toleo la 49. Kwa Windows 7 iliishia toleo la 109 mwaka 2023. Firefox 52 ndiyo ya mwisho kwa XP, na Firefox 115 ndiyo ya mwisho kwa Windows 7. Internet Explorer 11 ilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022, na haifai kutegemewa tena kwa kufungulia kurasa za kawaida.

Ikiwa kivinjari ulichonacho ni cha zamani kuliko mipaka hiyo, pakua toleo la mwisho linalokubalika kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Kompyuta yako ikishindwa kufungua tovuti yao, lipakue kwa kompyuta nyingine ulilete kwa flashi. Usibonyeze kamwe tangazo linalojitokeza lenyewe likidai kwamba kivinjari chako kimepitwa na wakati. Mengi ya matangazo hayo ni mitego.

4.4 Vyeti

Tarehe 30 Septemba 2021 muda wa cheti kikuu kimoja kilichotegemewa na tovuti nyingi, kiitwacho DST Root CA X3, ulikwisha. Kompyuta za zamani ambazo hazikuwa na cheti kilichochukua nafasi yake zilianza kukataa tovuti zilizokuwa zikifunguka jana yake. Wenye kompyuta hizo walishangaa, kwa kuwa wao hawakuwa wamebadilisha kitu chochote. Dawa mojawapo ni kutumia Firefox, kwa sababu huja na orodha yake yenyewe ya mamlaka na haitegemei tu ile ya mfumo endeshi. Dawa isiyofaa ni kuzoea kulipita onyo. Anayefanya hivyo huizoeza kompyuta kukubali hata cheti cha mwongo.

4.5 Mfumo endeshi

Yote hayo yakishindikana, ugonjwa uko katika tabaka la chini. Microsoft iliacha kuitunza Windows XP tarehe 8 Aprili 2014 na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Utunzaji wa kawaida wa Windows 10 nao ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kuacha kutunzwa hakuna maana kwamba kompyuta itazimika siku hiyo. Maana yake ni kwamba matundu yatakayogunduliwa hayatazibwa.

Zipo njia tatu. Kama mashine ina nguvu ya kutosha, iwekewe mfumo mpya zaidi. Kama ni dhaifu kidogo lakini ni ya biti 64, yaweza kuwekewa Linux nyepesi. Linux Mint yenye mandhari ya Xfce, kwa mfano, huhitaji kumbukumbu ya gigabaiti 2 kwa uchache, ingawa 4 ndizo zinazofaa. Kama hayo hayawezekani, itolewe katika intaneti na ibaki kuwa mashine ya kuandikia na ya kusomea mafaili ya zamani. Katika hali yoyote, kompyuta isiyotunzwa isitumiwe kwa mambo ya benki wala kwa nywila za maana.

5.0 Maandishi yaliyokwama

Kufungua kurasa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, inayotuhusu zaidi sisi wanafunzi wa Kiswahili, ni mafaili yaliyoandikwa kwa programu ambazo hazipo tena.

Nitatoa mfano wa karibu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kupigiwa mfano. Lakini programu za kizazi kile zilihifadhi hati kwa umbo la sxw, na kuanzia mwaka 2005 umbo hilo lilianza kuachwa kwa ajili ya odt. Mwenye hati za sxw leo anaweza kudhani zimekufa. Hazijafa: LibreOffice huzifungua, na yafaa zihifadhiwe upya kwa odt mapema, wakati mlango ungali wazi.

Mfano wa pili ni alama ndogo ya ng'. Wengi hudhani kwamba Kiswahili cha herufi za Kirumi hakina taabu yoyote ya usimbaji, kwa kuwa hakina herufi za ziada. Lakini programu nyingi za kuandikia hugeuza alama iliyonyooka katika ng'ombe kuwa iliyopinda. Hati iliyosimbwa kwa UTF-8 ikisomwa na programu inayodhani ni usimbaji wa zamani wa Windows, neno hilo huonekana ngâ€™ombe. Hata pale linaposomeka vizuri, kompyuta huziona alama hizo mbili kuwa tofauti. Programu isiyozisawazisha, ikitafuta kwa alama moja, haitayaona maneno yaliyoandikwa kwa nyingine. Mchunguzi anayehesabu maneno katika matini atapata hesabu pungufu bila kuambiwa kwamba imepungua.

Taabu huzidi kwa tenzi na barua zilizonakiliwa kwa hati ya Kiarabu, na kwa unukuzi wa kifonetiki, ikiwa vilichapwa kwa fonti za kabla ya kuenea kwa Unicode. Katika fonti hizo alama ya kifonetiki ilikuwa vazi tu lililovikwa herufi ya kawaida. Fonti ikipotea, vazi huvuka, na unukuzi hubaki kuwa herufi zisizo na maana. Kwa hiyo fonti yenyewe inakiliwe pamoja na hati, na ichapwe nakala ya karatasi ili anayebadilisha apate cha kulinganishia.

6.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba uzee wa kompyuta si jambo moja. Saa, kivinjari, vyeti, mfumo endeshi na mashine kila kimoja kina umri wake na dawa yake, na dawa za mwanzo hazina gharama kubwa. Nimeonyesha pia kwamba thamani ya kompyuta kuukuu katika idara ya lugha haipimwi kwa kasi yake. Hupimwa kwa kile kilichomo, ambacho huenda hakipo mahali pengine popote.

Ombi langu kwa wanafunzi ni dogo. Wiki hii, kila mmoja amwendee mwalimu mmoja au mzee mmoja mwenye kompyuta ya zamani, amwombe ruhusa, na wanakili pamoja yaliyomo kabla ya jambo lingine lolote. Kurasa zitafunguliwa baadaye. Mimi kadi zangu za jahazi sitazipata tena, na sipendi mwingine asimame hapa miaka ishirini ijayo kusimulia hasara ya namna hiyo.